Pilipili Iliyoganda Uthiru

Mzee Ephantus wa Uthiru hakuwahi kupika kitu zaidi ya chai, na hata hiyo chai marehemu mkewe alikuwa akiimwaga kisirisiri. Sasa huyo ndiye aliyeamka Jumamosi moja ya Julai, akavaa koti na kofia, akashuka mjini kutafuta vitu vya kutengeneza pilipili ya Wachina. Makubwa haya!

Shida ilikuwa binti yake, Mwihaki. Alisoma Uchina miaka mitano, akarudi Mei, na tangu arudi alikula kama mgonjwa. Kitu pekee kilichompa hamu ni kijiko cha pilipili ya mafuta kutoka kwa chupa aliyokuja nayo, na chupa ikaisha. Wiki hiyo akasema ameitwa kazi huko huko Uchina, wanataka jibu Jumatatu. "Bado nafikiria, Baba." Mzee naye akafikiria. Kama kinachomvuta mtoto ni chakula, basi kitapatikana hapa hapa, asiende popote.

Mjini, Muema muuza viungo aliigeuza ile chupa tupu mara tatu. Maandishi yote yalikuwa ya Kichina. Akanusa, akalamba kifuniko, akapima pilipili kavu, ufuta, vitunguu saumu, na punje fulani ndogo za hudhurungi.

"Hizi ni za nini?" Mzee akauliza.

"Hata mimi sijui, mzee. Wachina wakija huzinunua tu."

Jikoni, mchana huo, alitafuna punje moja aone. Ala! Midomo ikafa ganzi. Alijishika mdomo akaukosa. Presha anayo, kwa hivyo akajua ndiyo hiyo, amepooza. Alikimbilia kioo akatabasamu kuona kama uso umeenda upande, kisha akataja jina lake kwa sauti, "Ephantus Kiarie," mara mbili. Ulimi ukamtii. Baada ya muda midomo ikarudi, na yeye akabaki ameduwaa, hajui ni nani mwenye akili timamu anayelipa pesa kuhisi hivyo.

Akaendelea hivyo hivyo. Alichota mafuta ya mgando kwenye mkebe, yale yale aliyopikiwa miaka thelathini, maana hakujua kama kuna mengine. Yalipoyeyuka na kuchemka akayamimina juu ya pilipili. Alipiga chafya hadi kofia ikaanguka. Lakini pilipili ilitoka nyekundu, inang'aa, sawasawa na ile ya chupa! Akaijaza kwenye chupa ya jemu na kuificha nyuma ya unga.

Jumapili asubuhi, baridi ya Uthiru ikiuma mifupa, aliitoa. Akaiinamisha. Hakuna kilichosogea. Akaigonga chini, wapi! Je, iliharibika? Kuna mtu aliingia akaibadilisha? Alikuwa bado anaikodolea macho Mwihaki alipoingia.

"Baba, hii ni nini?"

"Hata mimi nakuuliza, Mami." Alimwita hivyo kwa kuwa binti alibeba jina la mama aliyemzaa mzee. "Jana ilikuwa mafuta. Leo ni sabuni."

Mwihaki alinusa. Akachukua kisu, akaipaka juu ya kiazi kitamu cha moto, ikayeyuka. Akala kimoja, akala cha pili. Machozi yalimtoka, na mzee hakujua kama ni pilipili ama ni kitu kingine.

"Umetumia mafuta ya mgando!" Akacheka hadi akashika meza. Kicheko hicho mzee hakuwa amekisikia tangu wamzike mkewe. Moyo wake ukajaa furaha. Ameshinda, mtoto amebaki.

"Unaweza kunitengenezea chupa zingine tano?"

"Hata kumi!"

"Tano zinatosha. Za dukani si kama yako, tena ya mafuta ingemwagika ndani ya sanduku. Hii itafika salama."

"Sanduku gani?" aliuliza, ingawa alishajua.

Kicheko kikakatika. Mwihaki akamshika mkono. "Niliwajibu ndiyo Ijumaa, Baba. Nilishindwa kukuambia."

Mzee alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alikuwa na uchungu, tena alikuwa na fahari, na hakujua amweleze mtoto lipi. Akafungua mkebe wa mafuta, akaona yamebaki robo.

"Tukitoka kanisani nipeleke dukani," akasema. "Unionyeshe hayo mafuta yasiyoganda, nisije nikayanunua kwa makosa."