Kadi Iliyokosa Umeme

Jumamosi mchana, vyombo vilipokwisha kuondolewa mezani, mkutubi aliilaza kompyuta yake ubavu juu ya shuka kuukuu, akalegeza skrubu za nyuma na kuuvuta ubao wa pembeni. Kadi mpya ya picha ilikuwa bado kwenye mfuko wake wa kumetameta. Aliitamani tangu alipoanza kucheza mchezo wa magari ya milimani, maana kwenye kompyuta yake mvua ilionekana kama nyuzi zilizokatikakatika na miti kama masanduku.

Kompyuta yenyewe alipewa na kaka yake siku alipohitimu chuo. Kaka alikuwa fundi, aliuza kompyuta za bei poa alizoziunda mwenyewe, na vijana wa mtaa walikula kiapo kwa jina lake. Mama aliuza cherehani yake ili binti awekewe vitu vya maana ndani. Kabla ya kulifunga ndani ya kompyuta, kaka alilinyanyua lile kasha linalogawa umeme, pawa saplai, akampakatisha dada yake mbele ya wageni. "Pima kwa mkono, mdogo wangu. Pawa ya kweli ni nzito. Nyepesi ni debe tupu." Lilikuwa zito kama mtoto mchanga. Wageni walipiga makofi.

Mkutubi aliichomeka kadi, akaiunga na waya wa kasha, akabonyeza swichi. Feni zikazunguka. Skrini ikawaka, na chai ya mama ikapoa. Haikupoa polepole, mvuke ulirudi kikombeni na maziwa yakashika utando. Mama alionja funda moja, akakitua kikombe.

"Hiyo kadi yako inakula," alisema.

"Umeme hauitoshi, mama."

"Basi iache ile. Mgeni hanyimwi."

Mchezoni mvua ilianza kudondoka tone kwa tone. Gari lilipoingia kona kali, sauti ya mama ilikatika katikati ya umbea na jirani aliyesimama dirishani. Jirani akangoja. Mkutubi alipopunguza ubora wa picha, sauti ikarudi.

"...na viatu vyenyewe si vyake," mama alimalizia.

Wakazoea. Mama alisema yake asubuhi, na jirani akajifunza kuuliza kwanza, "Dereva yuko barabarani? Maana nimekuja na maneno mengi."

Lakini mkutubi hakuelewa kwa nini pawa nzito namna ile iombeombe. Akachomoa nyaya, akalifungua kasha. Ndani mlikuwa na mtambo mdogo kama kiberiti, na nafasi yote iliyobaki ilijazwa saruji. Mtu alikuwa ameisawazisha kwa kidole gumba ingali mbichi, na alama ya kidole ilikuwa na kovu lililopinda kama ndoana.

Alimtafutia kaka yake udhuru. Labda naye aliuziwa hivyo. Labda ni fundi mwingine mwenye kovu. Lakini kovu lile alilijua. Lilipatikana wakati kaka akimkatia mkanda wa viatu, siku ya kwanza aliyompeleka shule kwa mguu kwa sababu baba hakuwepo tena. Alilifunga kasha, akalirudisha mahali pake. Chumba cha pili mama alikuwa akipinda shuka za watu kwa sindano ya mkono.

Kaka alikuja Jumapili ya wiki iliyofuata, akaketi kwenye kiti bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Eti umeniongezea mashine yangu kadi? Ngoja nione kama umeiharibu."

Kaka akauwasha mchezo wa magari, na mkutubi akasimama nyuma yake. Wiki nzima alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake kazini, mbele ya rafu za vitabu, kwa sababu alikuwa hajawahi kumjibu kaka yake hata mara moja.

"Kaka," alisema. "Nimelifungua kasha."

Kaka akakanyaga mafuta, na sauti ya mkutubi ikaisha. Hakuacha kusema. Alisema saruji, akasema kidole, akasema cherehani. Aliuliza ile pawa ya kweli ilikwenda kwa nani. Aliuliza kama siku ile ya makofi mkono wake haukutetemeka. Alikuwa hajawahi kusema mengi hivyo maishani. Mama aliinua macho kutoka kwenye mshono, akautazama mdomo wa binti yake. Ulipofika kwenye cherehani, mama aliinama, akaendelea kupinda shuka.

Kwenye skrini kila jani lilishika tone lake, na kila tone lilikuwa na mlima mzima ndani.

"Mama, njoo uone," kaka alisema. "Halafu watu wanasema nawauzia takataka."

Mkutubi alifunga mdomo. Majani yakapoteza ncha, mvua ikawa nyuzi.

"Aa, imekuwaje tena?" Kaka hakugeuka. Macho yake yalikuwa barabarani. "Dada, ulikuwa unafanya nini hapo nyuma? Hebu rudia."

Mkutubi akavuta pumzi, akaanza upya, na barabara ikang'aa mpaka chini bondeni.