Ngiri Mia Moja Tu

Domina alikuwa fundi wa kuchora madigadi, zile raba nene zinazoning'inia nyuma ya matairi ya lori kuzuia matope. Pale Mikumi, kwenye barabara kuu inayopitisha malori kutwa kwenda Tunduma na kurudi, alikuwa na kibanda cha mabati jirani na gereji, makopo ya rangi, brashi saba, na ngiri mmoja. Ngiri huyo alikuwa wake. Amevaa tai, kabana mkoba wa ofisini kwapani, mkia juu, anakimbia utadhani kachelewa kikao. Hakumwiga popote. Alimchora mara ya kwanza wiki ile alipofukuzwa kazi ya usafi kwenye ofisi moja kule Kilosa kwa kosa la kumjibu bosi. Alifika Mikumi na hasira zake zote, akaomba brashi, akamchora bosi vilevile alivyo, na tai yake. Madereva walicheka mpaka wakashika mbavu. Miaka kumi na moja sasa, dereva asiye na ngiri wa Domina nyuma ya gari lake anajiona kama yuko uchi barabarani.

Basi akaja huyu Gerald. Kijana wa Dar es Salaam, viatu vya raba vyeupe pee, adabu zake kamili, shikamoo dada, pole na kazi dada. Akapiga picha madigadi ya kila lori lililosimama, kisha akaomba kiti.

"Dada, picha zako nataka niziweke kwenye blokcheni," akasema. "Ni daftari linalokaa kwenye kompyuta za dunia nzima kwa pamoja. Kikiandikwa kitu humo hakifutiki. Watu wa nje wananunua picha za kidijitali, wanazikusanya, wanauziana wenyewe kwa wenyewe. Na mkataba wake ni mkataba janja."

Domina akaweka brashi chini. "Janja? Yaani mkataba unajiita wenyewe mjanja, halafu unataka niukubali?"

"Janja kama simu janja, dada! Unajiendesha. Ngiri akiuzwa, asilimia kumi inakuja kwako yenyewe. Akiuzwa tena, inakuja tena. Hakuna wakili, hakuna kubembelezana. Hakuna wa kuugeuza, hata mimi mwenyewe siwezi."

"Wangapi?"

"Mia moja tu."

"Mia moja tu, sawa."

Hapo ndipo walipopishana, na hakuna aliyejua. Domina alielewa picha mia moja, kama mtu anavyoagiza matofali mia moja. Gerald alimaanisha ngiri mia moja duniani, basi, mpaka kiama. Domina akapangusa kidole cha rangi kwenye kanga, akabonyeza pale alipoonyeshwa.

Na hela zikaja kweli kwenye simu, tusimsingizie kijana wa watu. Si nyingi, lakini alibadilisha bati lililokuwa linavuja, akampelekea mama yake kule Rudewa godoro jipya. Kazi yake akaendelea nayo kama kawaida. Lori likisimama, anachora.

Mwezi wa nne tangu hapo Gerald akarudi. Safari hii shikamoo ilimtoka nusu.

"Dada, umeniua," akasema, akamsogezea simu. Palikuwa na picha ya lori lililoegeshwa Tunduma, na nyuma yake ngiri na tai yake, rangi bado inang'aa. "Mteja mmoja wa nje kasafiri huku, kaona hii. Kanunua ngiri akiambiwa wako mia moja tu. Huyu wa ngapi?"

"Mimi nitajuaje wa ngapi? Huyo ni wa dereva Mathias, nimemchorea juzi."

"Ndiyo shida yenyewe! Thamani yake ni uchache wake, dada. Wakizagaa barabarani hakuna atakayenunua. Inabidi uache kumchora. Chora twiga, chora simba, wanyama wamejaa hapo mbugani. Ngiri mwache."

Domina alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Nimwache ngiri wangu? Mimi niliyemzaa?

"Huo mkataba umeandikwa niache?"

Gerald akakohoa. "Kwenye mkataba wenyewe hapana. Ni kwenye masharti, kule kwenye tovuti. Kuna kipengele."

"Kwa lugha gani?"

Gerald akaanza kupangusa kioo cha simu yake.

"Kwa Kiingereza, enhee. Basi ugeuze mkataba uandike humo."

"Haugeuziki, dada."

"Si uliniambia mwenyewe? Hata wewe huwezi! Sasa unakuja kunigeuza mimi kwa sababu mkataba umekushinda? Thubutu!"

Gerald akajaribu upole. Alikuwa na karatasi. Asaini tu kwamba ngiri wote wa kwenye malori si kazi yake, wameigwa na mafundi wengine, na kampuni ingempa kitita palepale. Akakitaja. Kilikuwa kikubwa, na sitaki kukudanganya, moyo wa Domina uliruka. Bati zima la nyumba lilikuwa humo. Lakini aliisoma ile karatasi mara mbili, na mara ya pili akaikunja, akamtupia mapajani.

"Yaani niuze jina langu, halafu nijikane kwa maandishi?"

"Usiposaini, tutatangaza sisi wenyewe kwamba za barabarani ni feki. Wateja wakikimbia, na asilimia yako imekufa. Fikiria, dada."

"Nimeshafikiria. Nipishe, unanizibia mwanga."

Wakatangaza kweli. Haikupita wiki, mzee Bonifas, dereva wa siku nyingi, akashuka kwenye lori lake simu mkononi, uso umemshuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu ona hawa washenzi. Wanasema ngiri wako feki! Utingo wangu kasambaziwa kwenye kundi la madereva, watu wanacheka."

Iliuma. Domina alikaa kwenye kigoda chake, akalia machozi ya hasira mbele ya mzee wa watu bila aibu. Miaka kumi na moja anapiga magoti kwenye vumbi, moshi wa malori puani, leo aambiwe yeye mwenyewe ndiye anayejiiga? Na asilimia ile ilikuwa imeshakauka, simu haikulia tena.

"Nichoree upya," mzee Bonifas akasema kwa sauti ya kumtuliza. "Na chini yake uandike ORIJINO, herufi kubwa, wakome."

Domina akapenga kamasi. Akanyanyuka, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu.

"Orijino wanazo wao, mia moja, wazifungie huko huko. Wako nitamwandikia hivi." Akamchora ngiri, tai, mkoba, mkia juu, na chini yake akaandika: NGIRI FEKI. FUNDI DOMINA, MIKUMI.

Mzee Bonifas alisoma, akacheka mpaka akaegemea tairi. Siku ya pili walisimama wawili wanataka feki. Ya tatu, watano. Mwisho wa mwezi foleni ilifika kwenye matuta ya barabarani, na hata wenye ngiri wa zamani walirudi kuongezewa lile neno, wakalipia, wakashukuru. Ngiri feki walifika Zambia, walifika Kongo.

Gerald akapiga simu. Shikamoo ilikuwa imerudi nzima.

"Marahaba. Sema, nina kazi."

"Dada, kuna mteja wa nje, mkubwa. Hataki tena wale mia moja. Anamtaka feki. Anauliza tukimweka kwenye mkataba, unaweza kutoa wangapi?"

Domina alibana simu begani, akamalizia mkia wa ngiri aliyekuwa mbele yake.

"Mwambie aje na lori," akasema, akakata simu.