Mahali Mikono Iliposimama

Maharagwe yalisikika kabla nyumba haijaonekana: cha, cha, cha ndani ya beseni. Halafu kimya. Honoré, aliyekuwa akipanda njia ya utelezi ya Buleusa, alikijua kimya hicho, kikamchoma. Élie, mwenzake wa tangu shule, anasoma, na wanawake wamesahau kuchambua.

Kwa mashairi ya Honoré mwenyewe, mikono haikuwahi kusimama. Walimwambia "Muzuri, kaka," huku wakitupa vijiwe.

Aliingia uani. Mama Epiphanie na jirani zake wawili walikuwa wamezunguka beseni, kila mmoja na ungo wake. Binti wa Mama Epiphanie, Josiane, ambaye Honoré alitaka kumuoa na hakuwa amethubutu kumwambia, alikuwa amekaa karibu mno na Élie. Kitabu kilikuwa kilekile cha Kifaransa, kilichochakaa, cha kutisha: kijana mpweke anachekwa shuleni, hadi kivuli chake kinaanza kuwafuata wenzake mmoja baada ya mwingine. Élie alikigeuza Kiswahili papo hapo. Wiki iliyopita alikimaliza. Wakamwamuru aanze upya.

"Mwisho munaijua," Honoré alisema. "Munaogopa nini tena?"

"Mara hii tunamulilia mutoto wa watu," Mama Epiphanie alijibu. "Ikala chini, mushairi. Ao wivu inakuzuia kukunja magoti?"

Wakacheka. Josiane naye akacheka, na hicho ndicho kilichomuuma.

Élie akaendelea. Wanafunzi walimzingira yule kijana, wakamwimbia:

*Kichwa chako sufuria, kwenu moto umezima,*
*unakula ya wenyewe, rudi kwenu ku kilima.*

Hakuna haragwe lililoanguka. Josiane alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Honoré alikisoma kitabu hicho zamani. Wimbo haukuwamo. Leo amemkamata mwongo.

"Lete kitabu, nione."

Élie akampa bila kubisha, akimtazama usoni. Hapo ndipo Honoré alipokumbuka. Walikuwa na miaka kumi na miwili. Élie na mama yake walifika wakikimbia vita vya Masisi, mtoto amebeba sufuria kichwani. Darasa zima liliuimba wimbo huo mwezi mzima. Lilikuwa shairi la kwanza la Honoré.

"Wimbo iko mu kitabu?" Josiane aliuliza.

"Iko," Élie akawahi kujibu. "Grand, kaka yangu, rudisha."

Hata kwa kumfichia siri, Élie amemshinda. Honoré angeweza kunyamaza, Josiane asijue kamwe. Lakini maneno yake ndiyo yaliyosimamisha mikono ile, na sifa imekwenda kwa mwingine. Aibu yake nayo, mwingine ameibeba miaka yote hii. Vyote viwili vilimshinda kumeza.

"Haiko," alisema. "Mimi njo nilitunga. Nilimuimbia Élie."

Josiane alimtazama kama mtu wa kuja. Mama Epiphanie akaweka ungo chini.

Honoré akamrudishia Élie kitabu kwa mikono miwili. "Siku ya Yenga, wakati wa kusali ku kanisa, mbele ya wote, nitakuomba musamaha. Lakini Élie, nakuambia wazi: Josiane sitakuachia."