Gauni la Miaka Mitatu

Jumatatu asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, Bibi alimsimamisha mjukuu wake juu ya meza ya kukatia vitambaa akampima kwa tepu. Sentimita tisini na nne. Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu iliyopita, na Jumatatu zote za miaka minne.

Mtoto aliitwa Kifungo kwa sababu alizaliwa mdogo, wa mviringo. Mama yake ni fundi wa nguo za watoto. Alipofungua ukurasa wa biashara mtandaoni, alimvalisha mwanawe gauni la njano, akampiga picha, akaupa ukurasa jina hilo hilo. Siku hiyo Kifungo alikuwa na miaka mitatu. Watu wakampenda. Chini ya picha waliandika: "Jamani, huyu asikue!" Wengine: "Baki hivyo hivyo, mama." Kufika jioni walioandika hivyo walikuwa elfu mbili, na Kifungo, ambaye ni mtoto msikivu, hakukua tena.

Kliniki, muuguzi alimpima kila mwezi na kuweka nukta palepale. Mstari kwenye kadi ulikuwa umelala kama uzi uliovutwa.

"Hajapungua," alisema muuguzi. "La muhimu ni hilo." Kisha akauliza kama gauni la bluu lililopostiwa jana linapatikana kwa saizi ya miaka saba. Binti yake na Kifungo walizaliwa wiki moja.

Akili ya Kifungo haikusimama. Alijifunza kusoma kwa maneno ya wateja, akiyafuata kwa kidole kwenye kioo cha simu.

"Bibi, hawa wote wananiambia nisikue. Nimewakosea nini?"

"Hujamkosea mtu. Wanakupenda."

"Si wangenipenda kidogo tu."

Bibi aliogopa. Alihesabu umri wake mwenyewe, akajiuliza nani atambeba mtoto huyu siku yeye atakapokuwa hayupo. Jumatano, akifua, alichukua simu ya Fundi akaitia kwenye beseni la maji ya sabuni, akaikandamiza chini kama soksi mpaka mwanga wake ukazimika.

Siku tisa ukurasa ulikaa kimya. Siku ya tatu mikono ya sweta ya Kifungo ikawa mifupi. Siku ya sita jino la mbele likalegea, akashinda akilisukuma kwa ulimi na kucheka peke yake. Mshonaji mmoja wa Fundi, bila kuambiwa na mtu, alifumua pindo la gauni la mtoto akaliteremsha upana wa vidole viwili, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya kumi Fundi alirudi na simu mpya. Alimpima mtoto, akapata tisini na saba. Akakaa juu ya robota la kitambaa.

"Mama, uliitumbukiza makusudi?"

"Makusudi."

"Oda zimekatika. Washonaji wanne wanakula kwa uso huu. Haya, nichagulie wa kumwambia kesho asije."

"Na yeye anakula kwa uso wa nani?"

Fundi alimfuta Kifungo pua kwa kipande cha pamba, akamchana nywele taratibu asimuumize, akambusu utosini. Kisha akampiga picha.

Saa kumi alasiri watu walikuwa wamesharudi. "Tulikukosa, mama! Usije ukakua bila sisi." Jino likashika. Pindo likaburuza chini.

Kwa kuwa kimya kile kilikuwa kimewafukuza wateja wengi, Fundi aliwaomba wafuasi wapige kura: nguo mpya ziwe za miaka mitano, au za watoto wachanga? Kura zingefungwa Ijumaa saa sita mchana. Bibi aliazima simu ya mshonaji akachagua miaka mitano. Washonaji wote wanne nao wakachagua hivyo, kila mmoja akimficha mwenzake. Hadi Alhamisi, miaka mitano ilikuwa na kura mia tatu na tano. Wachanga walikuwa na elfu arobaini.

Kifungo aliyasoma matokeo mwenyewe.

"Bibi, nikiwa mchanga nitajua kusoma?"

"Sijui, mjukuu wangu."

"Na jina langu?"

"Hilo nitakuwa nakuita mimi."

Mtoto akafikiri. "Basi uniite kwa sauti. Wachanga hawaelewi haraka."

Usiku ule Bibi alilala naye kitanda kimoja, amemshika mguu, kama mtu anayeshika kitu ukingoni mwa maji.

Ijumaa saa sita mchana kura zikafungwa. Fundi alikuwa ameshakata pamba laini na kuondoa sindano zote mezani. Washonaji wakapunguza mwendo wa cherehani ili wasimshtue mtoto. Bibi alikuwa jikoni, akichemsha chupa. Aliposikia kilio chembamba kutoka chumba cha kushonea, alijidondoshea maziwa mkononi kuona kama yamepoa, akaenda, akasimama mlangoni, akaita kwa sauti:

"Kifungo!"

Fundi aliinua kidole. Alimwomba anyamaze kidogo, anarekodi.