Maji ya Muigai

Mdogo wangu Muigai alipougua kifua, Gerishon, dresa aliyetibu wagonjwa katika zahanati ya Ruiru, alimpa vidonge vya salfa. Mama alikuwa akichuma kahawa, kwa hiyo mtoto alibaki na nyanya yetu, Cucu Wangeci.

"Asinywe maji," Cucu aliamuru. "Dawa ni kama uji. Ukizidisha maji, nguvu inaisha."

Kifua kilipoa. Lakini Muigai akaanza kulia kila akikojoa, na yaliyotoka yalikuwa matone mekundu. Kisha hata matone yakakoma. Nilimfunga mgongoni nikakimbia naye zahanati.

Mimi ni mtu wa haya. Niliacha shule darasa la tatu, na mbele ya wanaume ulimi wangu huwa mzito. Siku hiyo foleni ilijaa wanaume wa shambani.

"Mtoto ana nini?" Gerishon aliuliza dirishani.

"Ni maji," nilinong'ona. "Hayatoki."

"Mfereji uko nyuma ya jiko. Fungua kwa nguvu. Anayefuata!"

Wanaume wakaangua kicheko. Niligeuka niondoke, lakini Muigai akajikunja mgongoni, akalia kwa sauti nyembamba. Tausi, muuza leso za kujifunga kutoka Thika, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akanishika mkono.

"We msichana, maji ya mfereji au ya mtoto?"

"Ya mtoto."

"Basi sema mkojo! Nani hapa hakojoi? Hawa wanaocheka wanakojolea reli kila asubuhi."

Nikafumba macho. "Mkojo!" nikapaza sauti. "Mkojo wa mtoto umeziba, na ulikuwa na damu!"

Gerishon akatoka mbio. "Anakunywa maji?"

"Cucu amekataza. Eti yatazimua dawa."

"Ngai! Hii dawa bila maji inaganda ndani kama mchanga. Nilipaswa kuwaambia mapema."

Akasimamisha vidonge, akaleta jagi la maji yenye magadi kidogo. Tausi akampakata Muigai, tukamnywesha kikombe baada ya kikombe. Hata wale waliocheka wakawa wanapita wakiuliza, "Bado?"

"Bado."

Jua likiwa limeinama, Tausi akashtuka. "Amenilowesha!" Leso yake mpya ya kuuza ilikuwa chapachapa. Akacheka hadi machozi. "Asante, baba! Kojoa tena!"

Cucu aliifua leso ile kwa mikono yake, akanituma niirudishe Thika pamoja na kikapu cha viazi. Nilimwona Tausi ng'ambo ya soko. Nikamwita kwa sauti kubwa, watu wote wakageuka kunitazama, nami nikaendelea kumwita.