Kijana Naisi wa Wambaa

Posa ya Suhaila ilipofika Ole kutoka Wambaa, Kificho hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Tutauliza."

Watu walicheka, kwa kuwa Kificho hata jembe hanunui mpaka aulize. Safari hii lakini alikuwa na haki. Suhaila alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Yeye na mkewe, Bi Mwanapili, walimlea tangu hajaota meno. Posa ikikubaliwa kwa pupa, atakayeishi nayo ni Suhaila.

Akaenda Wambaa kwa baiskeli kumuulizia mposaji, kijana aitwaye Haitham. Majirani walimsifu, lakini jirani gani atamharibia kijana posa? Kwa hiyo akaenda kwenye nyumba ya wageni ambako kijana huyo alifanya kazi ya ufundi wa mashine za boti. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizungu, mchangamfu, akamkaribisha chai. Kificho alijifunza Kiingereza mwenyewe, kwa redio na kamusi kuukuu, na swali lake alikuwa amelipanga njia nzima.

"Haitham? Nice! Very nice!" akasema yule mama.

Kificho akangoja aendelee. Hakuendelea. Chai ikaja, nayo ikawa naisi. Paka akapanda mezani akatia mdomo kwenye maziwa, naye akawa naisi. Kificho alipoaga, aliambiwa kuwa hata kofia yake ni naisi.

Jioni alifungua kamusi barazani.

"Haya, tusomee," akasema Bi Mwanapili. "Kijana ana nini?"

"Naisi ni mzuri," akasema Kificho. "Au mpole. Au mkarimu. Au mtamu, kama ni chakula. Au nadhifu."

"Ndiyo yupi kati ya hao?"

"Hapa hapasemi. Tena kuna mchaguzi, asiyeridhika upesi. Na zamani sana, wanasema, neno hili lilikuwa na maana ya mjinga."

Bi Mwanapili akaacha kusuka ukili. "Kwa hiyo umekwenda Wambaa na kurudi, na hujui kama kasifiwa au katukanwa?"

"Ami," Suhaila akaita kutoka ndani, "ukimwondoa mjinga, mimi nawachukua wote waliobaki!"

"Kaa kimya wewe, unaposwa!" Bi Mwanapili akamkemea.

Kificho alifunga kamusi. Hakuwa na haraka, lakini Wambaa walikuwa wakingoja jibu, na neno alilorudi nalo lilimtosha paka na kofia pia.

Ni Bi Mwanapili aliyepata njia. "Karafuu zimejaa jamvini. Mwite aje kuchambua, azitenge na vikonyo vyake. Mtu akishinda na makonyo tangu asubuhi, tabia yake itatoka yenyewe."

Jumamosi Haitham akaja. Mtu wa pwani, karafuu hakuzizoea. Alishika kichala kama anashika kaa, akazitoa karafuu kwenye makonyo moja moja. Suhaila, aliyekaa jamvi la pili na Bi Mwanapili, hakuweza kuvumilia.

"Kaka, unazichambua au unazibembeleza?"

"Naziogopa," akajibu Haitham bila kuinua uso. "Zinanuka kama daktari wa meno."

Kificho alikuwa akimtazama. Unadhifu, upo. Kuku wa jirani alipita akavuruga fungu lake, kijana akacheka akaanza upya. Upole pia upo. Hata hivyo alisita. Siku ya kuchunguzwa, nani asiyekuwa mpole?

Adhuhuri, baada ya sala, Bi Mwanapili aliandaa muhogo wa nazi na papa mkavu. Wakala. Kisha akauliza kama aulizavyo siku zote, "Chakula vipi?"

"Kizuri," akasema Kificho.

"Kitamu, mama," akasema Suhaila.

Haitham alimeza, akanywa maji, akanywa tena. "Bi Mwanapili, muhogo wako sijapata kuula mfano wake. Ila papa chumvi imezidi. Nadhani hakurowekwa vya kutosha."

Kificho aliona posa ikifa palepale, juu ya sinia. Suhaila alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Imezidi?" akauliza Bi Mwanapili.

"Imezidi, bi. Unisamehe."

Akamgeukia mumewe. "Wewe umekula papa wangu tangu ujana wetu. Imezidi?"

"Kidogo," akasema Kificho.

"Kidogo?"

"Si kidogo."

"Mama," Suhaila akapasuka kwa kicheko, "siku ya papa mimi hunywa kata nzima ya maji kabla sijakaa!"

"Loo!" Bi Mwanapili akapiga makofi. "Kumbe nimeishi na waongo wenye adabu zao! Mgeni ndiye kanionea huruma!" Naye akaanza kucheka, akaondoka na bakuli kwenda kuongeza tui.

Kificho akamfuata Suhaila jikoni, alipokwenda kuchukua maji ya kunawa. Alijua mwari akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza ndiko kukubali.

"Unasemaje, mwanangu?"

Suhaila hakunyamaza. "Huyu, ami, nikivaa baibui ndani nje, ataniambia kabla sijafika njiani. Nyinyi mngesema nimependeza."

"Mtagombana."

"Sana. Lakini nitajua tunagombania nini."

Kificho alisimama na birika mkononi, akalipima hilo. Hata yeye, mpole wa Ole nzima, alikuwa ameshindwa kumwambia mkewe jambo ambalo kijana huyu alilisema kwa adabu, huku akijua lingeweza kumkosesha mke. Mtu wa hivyo hatamficha Suhaila kitu.

Akatoka, akakaa jamvini karibu na Haitham, ambaye alikuwa amerudia makonyo yake kwa uso wa mtu anayengoja kufukuzwa.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa, tupange siku ya ndoa."

Kichala kikamdondoka Haitham mkononi.

"Na waje wameshiba!" Bi Mwanapili akapiga kelele kutoka jikoni.