Viti Viwili vya Nyuma

Alasiri moja ya mwezi wa nane, mwaka 1977, Marsela alikuwa ameketi juu ya gunia mbele ya nyumba yao ya Karatu akichambua maharage, mumewe alipoingia uani na gari. Lilikuwa gari la Kijapani, rangi ya maziwa, lenye mlango wa kusukuma ubavuni na maandishi kwenye kioo cha nyuma ambayo hakuna mtu kati ya Mbulu na Arusha aliyeweza kuyasoma. Wilibrodi alizima injini, akajipangusa vumbi la Makuyuni, akasema, "Hili ni la familia. Halitabeba mahindi." Mahindi lilikuja kuyabeba sana tu, lakini siku hiyo alimaanisha.

Alilinunua Arusha kwa mtaalamu wa Kijapani aliyekuwa amemaliza mkataba wake na anajiandaa kurudi kwao. Mtaalamu yule hakutaka kuuza gari lake ovyo. Kwa kinywa cha mkalimani alimuuliza Wilibrodi familia yake ni ya watu wangapi. Wilibrodi akahesabu kama watu wa kwao wanavyohesabu, yaani wale wanaoota moto mmoja: yeye, mkewe, mama yake mzazi, Antonia na wadogo zake wanne. Wanane. Mjapani akaridhika, akamfungulia mlango. Viti vilikuwa vinane. Wilibrodi alivishika kimoja kimoja, akavitikisa, akavikalia vyote, hata cha dereva mara mbili.

Pale uani watoto waliparamia gari, bibi yao akabebwa na kuwekwa dirishani, Marsela akafuta mikono na kuingia. Kila mtu akapata pake. Nyuma ya safu ya mwisho, mahali pa mizigo, vilibaki viti viwili. Kimoja kilikuwa cha mtu mzima. Kingine kilikuwa kidogo, cha mtoto wa miaka mitano au sita. Kitambaa chake kilikuwa kilekile cha vingine, na boliti zilizovishika sakafuni zilikuwa na kutu ya miaka.

"Nilihesabu mwenyewe," alisema Wilibrodi.

"Uliwahesabu wanane," Marsela akamjibu, akarudi kwenye maharage yake.

Hapa pana jambo la kueleza. Mtoto wao wa kwanza hakuwa Antonia bali Hyasinta. Mwaka 1971, akiwa na miaka kumi na saba, Hyasinta alipata mimba akiwa hajaolewa. Kwa wazee wa Kiiraqw hiyo ilikuwa metimani, mwiko unaoambukiza: aliye nao haoti moto na wenzake, hachoti maji pamoja nao, na hajifungui katika ardhi ya watu wake. Padri alikuwa amehubiri mara nyingi kwamba hayo yamepitwa na wakati, na watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao nyumbani. Wilibrodi alimsindikiza binti yake mpaka kwenye korongo la mpaka wa kijiji, akamwonyesha njia ya kuteremkia Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu. Marsela alibaki ndani. Hakuna aliyemfunga mdomo. Alinyamaza mwenyewe, na hilo ndilo lililomla roho miaka yote. Kuanzia wiki ile majirani, kwa kuwasitiri, waliacha kuwaita Baba Hyasinta na Mama Hyasinta. Wakawa Baba Antonia na Mama Antonia, na mtu mgeni asingejua kwamba kuna jina lililong'olewa.

Njia ya kuuondoa mwiko ilikuwapo, wala haikuwa ngumu. Baba alitakiwa kupeleka kondoo kwa wazee na kusema mbele yao, "Huyu ni wangu, arudi." Wilibrodi alikuwa na kondoo arobaini. Kilichompungukia ni hayo maneno manne.

Basi Ijumaa alilipeleka gari kwa Inosenti, fundi wa pale njia ya Ngorongoro, mtu mwenye mikono mikubwa na maswali machache. Inosenti alichukua spana, akafungua viti viwili vya nyuma, akaviweka chini ya mti wa gereji. Jumamosi asubuhi vilikuwamo vingine ndani ya gari, vimefungwa barabara. Inosenti akavifungua na hivyo. Jumapili vilikuwamo. Alisema boliti hizo ni nzuri, hazipatikani siku hizi, na kama Baba Antonia hazihitaji, amwachie yeye.

Kwa miaka miwili kila wiki vilifunguliwa viti viwili, na kila wiki viliota viwili. Mti wa gereji ulijaa, ikabidi vigawiwe. Katekista alichukua kimoja, ofisi ya kijiji ikachukua sita, mwenye mashine ya kusaga akaweka vinne ukutani kwa ajili ya wanaosubiri zamu. Shule ya watoto wadogo ilipewa vile vidogo. Watu walishukuru sana, maana wakati ule kiti cha kuegemea hakikuwa kitu cha kuokota njiani. Hakuna aliyeuliza ni viti vya nani. Walijua, ndiyo sababu hawakuuliza.

Marsela peke yake ndiye aliyevichunguza kabla havijafunguliwa. Kila Alhamisi, wengine wakiwa shambani, aliusukuma mlango na kuingia nyuma kwa magoti. Kiti kikubwa kilinuka vitunguu, na kilikuwa kimebonyea upande wa kulia, kwa sababu tangu utotoni Hyasinta huketi ameegemea kulia. Kile kidogo alikipima kwa shubiri. Mwaka wa kwanza kilikuwa shubiri mbili kasoro. Mwaka wa pili kilifika mbili kamili. Siku moja, kwenye mkunjo wa kitambaa, alikuta jino la mtoto, jeupe, kama punje ya mahindi. Akatoka nalo nje, akalirusha juu ya paa na kuliomba paa lilete jipya, kama mabibi wote wafanyavyo. Kisha akaketi kizingitini akalia mpaka akachoka, maana madereva wa malori ya vitunguu walikuwa wamemwambia kwamba mjukuu wake ni msichana, anaitwa Eunike, lakini hawakuwahi kumwambia kama anacheka au la.

Mwaka wa tatu Wilibrodi aliacha kuvifungua. Inosenti alikuwa amechoka, na kijiji kizima kilikuwa kimeshaketi. Tangu hapo viti vilikaa humo humo, na kile kidogo kikawa kinakua polepole mahali pake.

Mara mbili kwa mwezi Wilibrodi na Marsela walipeleka mahindi Ngorongoro kwa Meitamei, mfugaji wa Kimasai waliyejuana naye tangu ujana. Ndani ya hifadhi kilimo kilikuwa kimepigwa marufuku, na watu wa huko sasa walikula unga wa watu wa huku. Asubuhi moja ya ukungu, Meitamei alisaidia kushusha magunia, kisha akaegemea fimbo yake akachungulia ndani ya gari. Alitazama muda mrefu, kama anavyotazama zizi jioni.

"Baba Hyasinta," alisema, maana yeye alikuwa hajaambiwa kwamba jina limebadilika, au aliambiwa akapuuza, "hawa wawili wako wapi?"

"Wawili gani?"

"Wa hapa nyuma. Mkubwa na huyu anayekua."

Wilibrodi alisema kwamba familia yake ni watu wanane, aliwahesabu mwenyewe.

"Sisi hatuhesabu ng'ombe," alisema Meitamei. "Namba itakwambia wako wote na kumbe ndama wa mtu yumo, wako hayumo. Tunatazama tu nani hayupo."

Marsela alisubiri. Alimtazama mumewe shingoni, pale mshipa unapopiga, akaona kabisa kwamba yale maneno manne yalikuwa yamefika hapo. Wilibrodi akameza. Akaanza kukunja magunia matupu, akayakunja vizuri kuliko siku zote, wakarudi Karatu.

Mwaka 1983 Antonia alichumbiwa na kijana wa Mbulu, wa watu wanaofuata sana mambo ya zamani. Kwa karamu vilihitajika vitunguu, na vitunguu viko Mang'ola. Wilibrodi alisema atamtuma mtu. Marsela akasema hapana, tutakwenda sisi, na kwa jinsi alivyolisema, Wilibrodi akaenda kutafuta ufunguo.

Njiani Marsela aliketi mbele. Walipokuwa wakiteremka kwenye joto la Ziwa Eyasi alisema, "Baba Antonia, nafasi tunayo."

"Najua nafasi tunayo."

"Na kondoo tunao."

"Mama Antonia, wale watu wa Mbulu wakisikia metimani imeingia nyumbani wiki ya harusi, wataoa kwingine. Umkose na huyu?"

Hilo lilimnyamazisha, kwa sababu lilikuwa kweli. Alijichukia kwa kunyamaza, lakini lilikuwa kweli.

Hyasinta walimkuta kando ya mfereji, akishona midomo ya magunia ya tajiri mmoja wa vitunguu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mikono ya mtu wa hamsini. Alisimama hatua kumi mbali nao, upande ambao upepo ulikuwa ukienda, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Wilibrodi, akilitazama gurudumu. Marsela alizivuka zile hatua kumi, akamshika binti yake mikono yote miwili. Hakuna kilichotokea. Nge hawakutoka ardhini, maji ya mfereji hayakukauka. Walisimama hivyo, wameshikana.

Eunike, wa miaka kumi na mmoja sasa, miguu mirefu, hakusubiri kukaribishwa. Alipandia mlango uliokuwa wazi, akavipita viti vyote vinane bila kuvigusa, akaketi kwenye kile cha nyuma. Nyayo zake zilifika sakafuni sawasawa.

"Changu hiki," alisema.

"Kaa nawe," Marsela alimwambia Hyasinta. "Kaa, mwanangu, wakati wanapakia."

Hyasinta akaketi. Aliegemea kulia, na kiti kikampokea pale pale kilipobonyea. Akafumba macho. "Kinanitosha, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu dukani na hana nia ya kununua.

Vijana walipakia vitunguu juu ya paa, wakafunga kamba. Wilibrodi aliingia, akawasha injini, akaiacha iungurume. Alitazama kioo kidogo cha mbele, na humo aliwaona wote wawili, kila mmoja mahali pake. Marsela alikuwa amesimama mlangoni na hakuthubutu kuvuta pumzi. Kutoka pale hadi Karatu ni saa tatu. Alikwishaanza kufikiria wapi angewalaza.

"Hyasinta," alisema Wilibrodi bila kugeuka. "Mdogo wako anaolewa Jumamosi. Tuache harusi ipite. Baada ya hapo nitapeleka kondoo."

"Ndiyo, baba."

Akashuka. Eunike hakutaka, ikabidi avutwe, na alipokuwa akivutwa hakulia ila alikishikilia kiti kwa vidole mpaka kimoja kimoja kikabanduliwa. Marsela ndiye aliyevibandua. Hilo hakumsimulia mtu yeyote maisha yake yote.

Harusi ilipita, ikapendeza. Baada ya harusi yalikuja mavuno, na wakati wa mavuno mtu hawezi kuwasumbua wazee. Baada ya mavuno mama yake Wilibrodi alifariki, na mwaka wa matanga si mwaka wa kondoo wa namna ile. Kisha mvua zilichelewa. Kisha yule mzee aliyejua maneno ya tambiko alihamia kwa mwanawe Babati. Wilibrodi hakuwahi kusema hapana. Kila Marsela alipomuuliza, alimwambia ni lini, na tarehe ilikuwa karibu kila mara.

Gari liliwazoesha. Kanisani walipandisha majirani, na majirani walijibana wanne kwenye viti vitatu, na wengine wakasimama wameinama, lakini nyuma hakuna aliyeketi. Askari wa lango la Ngorongoro aliandika kitabuni mwake, "viti kumi, watu sita," akawapungia mkono wapite. Kiti kidogo kiliendelea kukua mpaka mwaka 1987 kikalingana na kikubwa, na Marsela akaacha kukipima, kwa kuwa hakikuwa na kitu kipya cha kumwambia.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu mwaka 1989, Wilibrodi alikuwa akilisafisha gari kwa ajili ya Pasaka. Alimwita mkewe. Marsela alitoka jikoni na mwiko wa kusongea mkononi, akachungulia.

Katikati ya viti viwili vya nyuma palikuwa na kiti cha tatu. Kilikuwa kidogo kuliko vyote walivyowahi kuviona, hakizidi bakuli la uji, na boliti zake zilikuwa mpya, bado zina mafuta. Marsela alihesabu miaka. Eunike alikuwa na kumi na saba, kama mama yake alipotolewa. Alipanda, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa. Kilikuwa na joto, na kilikuwa kimelowa kidogo katikati.

"Na Eunike naye wamemtoa kule alikokuwa?" aliuliza. "Sasa atakwenda wapi? Mbele ya Mang'ola ni ziwa la chumvi."

Wilibrodi alisimama mlangoni na tambara lake, maji yakimdondokea viatuni. Alikitazama kile kiti muda mrefu. Uso ulimlegea, na kwa kitambo kidogo Marsela aliamini kwamba atatupa tambara chini na kwenda zizini.

"Hili gari limekuwa dogo," alisema hatimaye. "Itabidi tutafute kubwa zaidi. Nasikia Arusha siku hizi yanakuja mengi."

Akachovya tambara kwenye ndoo, akaanza kufuta vioo, na huku akifuta alimwambia mkewe asiwe na wasiwasi, safari hii atahesabu vizuri.